Cherehani ya mkono ikigoma: shika uzi kwanza, bisibisi baadaye

Fundi aliyeniuzia cherehani yangu hakunificha kitu. "Hiyo imekufa tensheni, dada," aliniambia pale barazani kwake Mwananyamala, "labda uipende kwa chuma chake." Yeye alishahamia kwenye cherehani ya umeme ya kiwandani, na hii nyeusi ya mkono ilikuwa chini ya meza, imerundikiwa vipande vya vitenge. Nikailipia, nikaipakia kwenye daladala ikiwa ndani ya boksi lake la mbao. Wanaiita ya kubeba, lakini kichwa chake ni chuma cha kumimina. Konda alinidai nauli ya mtu wa pili.

Tensheni, yaani mbano wa uzi, haikuwa imekufa. Kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu, kifupi kuliko ukucha, kimenasa chini ya spiringi ya kopo la bobini (kile kigogo kidogo cha uzi wa chini). Nilikigundua siku ya nne, wakati huo nimeshazungusha kila skrubu niliyoiona na kuharibu vilivyokuwa vizima. Kuvirudisha kulinichukua wiki tatu na hela ya fundi mwingine. Ndiyo maana hapa naanza na cha bure, yaani uzi, kisha cha bei ndogo, yaani sindano, halafu uchafu na mafuta. Skrubu ni mwisho. Na rekebisha kitu kimoja tu, shona kipande, tazama, ndipo uguse kingine. Ukigusa viwili kwa pamoja, ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuumwa hutajua umeiumiza wapi.

Mashine ninayoizungumzia ni Singer 15K na ndugu zake wengi waliotengenezwa kwa umbo hilo hilo, wakiwemo Butterfly wa kutoka China waliojaa vibarazani mwetu. Utaitambua kwa bobini: inasimama wima ndani ya kopo la chuma, na kopo linaingizwa kwa mkono kutokea kushoto, chini ya sindano. Hiyo K ni ya Kilbowie, kule Clydebank, Scotland, ambako Singer walifungua kiwanda mwaka 1885 na kukifunga 1980. Kama yako bobini yake inalala chali chini ya kibamba cha kusukuma, hiyo ni ya ukoo wa Singer 66 au 99. Mengi ya hapa yatakufaa, ila usiazime bobini za jirani: ya 15 ni bapa pande zote mbili, ya 66 ina mgongo. Kwa mbali zinafanana, ndani ya mashine hazifanani kabisa.

Juu mshono safi, chini mafundo

Hili ndilo linalowapeleka watu wengi kwa fundi, na ndilo linalodanganya kuliko yote. Ukiona mafundo chini, mkono unakwenda kwenye bobini. Acha. Mafundo ya chini karibu kila mara yanatokana na uzi wa juu: haukushikwa, umeingia ndani mwingi, shato (ile ndoana ya chuma ya chini inayonasa uzi wa juu) limeuvuta na hakuna aliyeurudisha.

Chomoa uzi wote wa juu. Inua mguu wa cherehani. Nasema inua, kwa sababu mguu ukiwa juu zile diski mbili za tensheni zinaachana na uzi unazama katikati yake. Ukitunga mguu ukiwa chini, diski zimebana, na uzi unapita juu yake. Kwa macho utaona umetunga vizuri kabisa. Tunga upya kuanzia kwenye kigogo cha uzi, usiruke ule mkono unaopanda na kushuka, kisha ujaribu kwa vidole: mguu ukiwa juu uzi uteleze bila shida, mguu ukishuka uzi ukatae na sindano ianze kupinda kidogo unapovuta. Usipohisi tofauti hiyo, diski zina uchafu ndani. Kunja kitambaa chembamba cha pamba, kipitishe katikati ya diski mguu ukiwa juu, uvute huku na huku. Mimi nilitoa nyuzi tatu za rangi tatu na kitu kama masizi.

Kama mafundo yanatokea mwanzoni tu mwa mshono, kisha panakuwa safi, hapo hakuna ugonjwa. Ulisahau kushika ncha mbili za uzi nyuma ya mguu kwa zile hatua mbili tatu za kwanza. Na kabla hujalaumu chochote, angalia kama mguu umeshushwa. Ukishona kitambaa kizito, mguu uliosahauliwa juu hauonekani kirahisi. Nimeshafanya hivyo na mgeni ananitazama.

Juu uzi umelala kama kamba, vitanzi vya chini vinachungulia

Huu ni ugonjwa wa upande wa pili: juu pamebana mno, au chini pamelegea. Weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona kwenye pamba iliyokunjwa mara mbili. Mshono mzuri nyuzi zinakutana katikati ya matabaka. Juu unaona nyekundu tu, chini nyeupe tu. Nukta nyeupe zikionekana juu, legeza ile nati ya tensheni ya juu kidogo kidogo, nusu namba kwa mara moja, ushone tena.

Ikifika karibu na sifuri bado nukta zipo, ndipo uende kwenye kopo. Litoe, tia bobini, shika ncha ya uzi na uliache kopo lining'inie juu ya kiganja chako. Lisishuke lenyewe. Litingishe kidogo kama unayemwita kuku: lishuke sentimita chache, lisimame. Likianguka moja kwa moja, limelegea. Likining'inia hata ukilitingisha, limebana.

Sasa litazame kwa karibu. Ubavuni kuna spiringi bapa, nyembamba kama wembe, na uzi unapita chini yake. Spiringi ina skrubu mbili. Ile ya pembeni kabisa kazi yake ni kuishikilia tu, iache. Ile ya katikati ndiyo ya kubana na kulegeza. Lakini kabla ya hiyo, pitisha kona ya karatasi ngumu chini ya spiringi. Pale ndipo uzi wangu mwekundu ulipokuwa umejificha. Uliinua spiringi kiasi cha unywele, na uzi wa bobini ukawa unatoka bila kushikwa. Usitumie pini, inaacha mkwaruzo na mkwaruzo utakata uzi siku zote. Karatasi ikitoka safi na kopo bado linaanguka, zungusha skrubu ya katikati robo ya robo ya mzunguko. Fanya kazi hiyo juu ya sinia au kitambaa cheupe, maana skrubu hiyo ikidondoka sakafuni utapiga magoti mpaka magharibi.

Inaruka

Mshono unakwenda vizuri, kisha sehemu ndefu haikushika. Sababu ya kwanza ni sindano, ya pili ni sindano, ya tatu pia. Sindano iliyopinda haionekani kwa kuiangalia usoni. Ilaze kwenye kioo cha simu upande wake bapa, utaona mwanga chini yake haulingani kuanzia shingoni hadi nchani.

Kisha aina. Mashine hizi zinakula sindano yenye shingo bapa upande mmoja, ile iliyoandikwa 15x1, HAx1 au 130/705H. Zote ni kitu kimoja. Sindano za cherehani za kiwandani, DBx1, shingo yake ni duara na nyembamba zaidi. Kariakoo zinauzwa sanduku moja na nyingine, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote ukisema "sindano ya cherehani" tu. Itaingia, utaikaza, itashona hatua mbili kisha itaruka, kwa sababu haikukaa mahali ambapo ncha ya shato inapita. Taja maandishi.

Sindano isukumwe mpaka igote juu kabisa. Kuhusu ielekee wapi, cherehani za umbo hili hazifanani zote, kwa hiyo sikupi kushoto wala kulia. Pitisha ukucha kwenye sindano: upande mmoja ina mfereji mrefu, upande wa pili ndio bapa. Uzi unaingia tunduni kutokea upande wa mfereji na kutokea upande bapa, ambako shato linapita. Angalia kishikio cha mwisho cha uzi, kile kilicho karibu na sindano: kikiwa kulia, uzi unaingia kutoka kulia na mfereji uelekee kulia. Kikiwa kushoto, kinyume chake.

Unene nao una kazi. Kitenge na kanga vinaridhika na namba 14 (inaandikwa pia 90). Jinzi inataka 16 au 18. Kitambaa cha kuvutika kama cha jezi kinahitaji sindano ya ncha butu. Ile ya kawaida itaruka hata mashine ikiwa mpya. Vitenge vipya vyenye wanga mwingi navyo huacha gundi kwenye sindano, ifute au ufue kitambaa kwanza.

Ukishabadilisha sindano sahihi, umetunga sawasawa na bado inaruka kwenye pamba ya kawaida, labda sindano iliwahi kugonga pini na mti wake, ule ufito wa chuma unaoibeba, ukahama. Zungusha gurudumu taratibu na uangalie: sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, ikiwa imepanda kama milimita 2 na nusu, ncha ya shato inatakiwa ipite nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Ikipita chini ya tundu au mbali, mpelekee fundi. Hapo mimi sigusi tena.

Inakata uzi, inavunja sindano

Vuta kipande cha uzi wako kwa mikono miwili. Ukikatika bila sauti, kama uzi wa buibui, ni wa zamani umekwisha. Vigogo vilivyokaa dirishani kwenye jua la Dar havidumu. Uzi mzima unakupinga na ukikatika unasikia "pap".

Ukiwa mzima, tafuta mkwaruzo. Fungua bamba la sindano, kile kibao cha chuma chini ya mguu, pitisha uzi laini au kipande cha soksi ya nailoni kwenye tundu lake. Kikinasa, kuna mkwaruzo ulioachwa na sindano iliyogonga. Lainisha kwa msasa mwembamba kabisa uliozungushwa kwenye kijiti, kisha ufute unga wote. Ncha ya shato nayo inapata majeraha ya hivyo. Ikague kwa ukucha, lakini usiichonge.

Sindano ikivunjika mara kwa mara, mara nyingi sisi ndio tunavuta kitambaa. Meno yaliyo chini ya mguu yanasukuma, sisi tunaelekeza tu. Sababu nyingine ni kopo ambalo halikukaa. Linapoingia lazima usikie "tik" na lile pembe lake dogo likae kwenye mwanya wake. Bila tik, litashuka njiani na sindano itakutana nalo.

Na mpini unazungushwa kwenda mbele, kutoka kwako. Wengi huzungusha kuja kwao, kwa sababu gurudumu kweli linapaswa kuja kwako. Gia ndogo za mpini ndizo zinazogeuza mwelekeo. Ukizungusha kinyume uzi unajisokota kwenye shato mara moja. Ukishanasa, usilazimishe. Toa kopo, tia tone la mafuta, tingisha gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka uzi uachie. Usipoachia, inua sindano juu kabisa, fungua zile klipu mbili, toa pete na shato, piga picha kwa simu kabla ya kila kipande kutoka.

Kitambaa hakiendi

Hapa hapana maneno mengi. Angalia urefu wa mshono usiwe sifuri. Angalia meno yasiwe yameshushwa, kama mashine yako ina uwezo huo. Fungua bamba: kati ya meno huwa kuna vumbi la nguo lililogandamana kama sufi ya kiatu, na meno hayawezi kupanda. Lichokoe kwa kijiti cha mianzi. Kisha skrubu ya juu ya mti wa mguu, inayokandamiza: ikilegea sana kitambaa kinaserereka, ikikazwa sana hariri inatoka na alama za meno.

Ngumu kuzunguka

Yangu ilikuwa hivi. Ukizungusha mpini unahisi kama unasaga karanga. Yule fundi alikiri baadaye kwamba mafuta ya cherehani yalipokuwa yakimwishia alitia ya kupikia, ya alizeti. Alizeti ni mafuta yanayokauka. Yakikutana na hewa yanageuka utando wa kahawia unaonata, mithili ya vanishi, na kila tone jipya linaongeza tabaka. Mafuta ya nazi nayo yanachacha na kunasa vumbi. Ya injini ni mazito mno. Nunua chupa ndogo ya mafuta meupe ya cherehani, itakaa mwaka.

Utando uliokauka unalainishwa na mafuta ya taa. Tia tone kwenye kila tundu la mafuta, juu na chini, na kila chuma kinapokutana na chuma kingine kinachotembea. Zungusha, subiri usiku kucha, zungusha tena, futa maji ya kahawia yanayotoka. Fanya hivyo nje, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara. Yangu ilikula siku tatu: ya kwanza haikubadilika, ya pili mpini ulianza kunitii, ya tatu gurudumu lilizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Mafuta ya taa hayalainishi chuma, yanasafisha tu. Ukimaliza futa yote utie mafuta ya cherehani, tone moja kila mahali, na moja kwenye njia ya shato. Usitie kwenye diski za tensheni wala kwenye kile kiraba cha kujazia bobini. Kisha shona kitambaa kibovu kwanza, kitanywa mafuta yaliyozidi.

Ngoja niseme pia kuhusu yale maua ya dhahabu yaliyo kwenye mwili wa mashine. Rangi nyeusi imefunikwa na tabaka la shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Nilifuta "uchafu" kwa spiriti ya hospitali, nikainua kitambaa nikaona nusu ya herufi za jina zimehamia kwenye pamba. Mwilini mwa mashine tumia mafuta ya cherehani na kitambaa laini, basi.

Unazungusha, sindano imesimama

Katikati ya gurudumu kuna nati kubwa ya mkono. Inalegezwa wakati wa kujaza bobini ili sindano isifanye kazi bure, na mtu anasahau kuikaza. Kaza. Kama inakaza na bado sindano haiendi, au umekaza na sasa hailegei, kuna mtu aliifungua akairudisha vibaya. Ndani kuna washa, yaani pete bapa ya chuma, yenye masikio matatu nje na mawili ndani. Igeuze nusu mzunguko, rudisha, jaribu. Fundi mmoja alitaka kunibadilishia gurudumu zima kwa tatizo hilo.

Zenye mota

Baadhi ya mashine hizi zina mota ya kubandika nyuma, hasa zilizokuja na mitumba. Soma kibao chake kabla hujachomeka. Zilizotengenezewa Marekani ni za volti 110. Umeme wetu ni 230, na mota itakufa kwa moshi na harufu huku ukiitazama. Waya za zamani zimefunikwa kwa raba inayopukutika ukiigusa. Hizo ni za fundi umeme, siyo za gundi ya karatasi. Njia rahisi, kama unashona nyumbani tu, ni kutoa mota na kufunga mpini wa mkono. Mipini hiyo inauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vipuri, na Tanesco wakikata utaendelea kushona. Ila hakikisha nyuma ya gurudumu kuna kiungo cha kufungia mpini na kwamba gurudumu lina miale, ile mikono ya katikati. Gurudumu zima lisilo na miale halina mahali pa kushikwa.

Kutu

Hewa yetu ina chumvi, hata Ubungo. Kutu huanza kwenye mti wa sindano, mti wa mguu na bamba, kwa sababu hapo hakuna rangi. Sufi ya chuma iliyo laini kabisa na mafuta ya cherehani vinatosha, kwenye chuma cheupe tu, usiguse palipo peusi. Usiiweke sakafuni msimu wa masika. Weka boksi juu ya stuli, na usilifunge likiwa na unyevu ndani. Ukiondoka kwa muda mrefu, toa sindano, laza kipande cha pamba chenye mafuta kidogo chini ya mguu, na umwombe aliyebaki nyumbani azungushe mpini mara kumi kila wiki, kwenda mbele.